Ubao Uliokaliwa na Senga

Kila kijana anayebisha mlango wangu hapa Kisugu, Kampala, kuniuliza habari za ubao wa kwanza wa kishada huja na picha kwenye simu. Picha ni ileile siku zote: mtu yuko angani, ubao umemganda miguuni, ziwa liko chini huko, na yeye anatabasamu kama aliyepata viza. Kijana ananiambia, Mama Zaituni, nataka kama huo. Mimi humuuliza kama anajua kuogelea, na wengi huanza kuangalia viatu vyao.

Sasa nimestaafu. Mgongo umenikataza kuinama, na macho yameanza kuona mstari mmoja kama miwili, jambo baya kwa mtu mwenye msumeno. Nitawaeleza yote mara moja, kisha mniache nilale mchana kwa amani.

Kwa asiyejua mchezo wenyewe: unafunga mkanda kiunoni, mkanda unaunganishwa na kishada kikubwa kuliko paa la kibanda cha chipsi, upepo unavuta kishada, kishada kinakuvuta wewe, na ubao ulioko miguuni unateleza juu ya maji. Hivyo ndivyo wanavyosema. Kwa wiki ya kwanza utateleza kwa tumbo, na ubao utakuwa unakufuata nyuma au umekwenda zake Entebbe.

Ubao wa kwanza uwe mkubwa. Nasema tena kwa wale wa picha: mkubwa. Upepo wa ziwa letu huamka baada ya chakula cha mchana, na siku nyingine unajinyoosha kidogo tu, unarudi kulala. Ubao mdogo wa kuruka angani unataka upepo mkali na mtu anayejua. Wewe huna vyote viwili. Simamisha ubao pembeni yako. Ukifika begani, sawa. Upana wake uwe shubiri mbili na kitu, na usijali ukionekana kama ubao wa pasi. Mimi nimetengeneza mbao za pasi pia, ni ndugu wa karibu.

Ukinunua uliotumika, gonga kwa kifundo cha kidole kutoka ncha hadi ncha, kama unavyogonga fenesi pale soko la Kalerwe. Mlio ukibadilika katikati na kuwa mzito, ujue maji yameingia ndani. Angalia mashimo ya skrubu za vishika miguu, kwa sababu ndipo maji huanzia. Mwuzaji akikwambia huo ni ufa wa rangi tu, mwambie akae na rangi yake.

Na ncha zote mbili ziwe sawa. Hili nitalirudia, lakini shikeni sasa. Ukienda ziwani, ncha moja inatangulia, tuseme ya kulia. Ukitaka kurudi hugeuzi ubao. Unageuza kishada, na ile ncha ya kushoto ndiyo inatangulia. Kwa hiyo ncha zote mbili lazima zipinde juu kidogo, kwa kiasi kimoja, zisiingie majini kama jembe. Mimi nimeijua sheria hii kwa aibu.

Nilizaliwa kambini, kambi ya polisi. Baba yangu alikuwa polisi kutoka Arua, Mkatoliki wa kupiga magoti. Mama alikuwa Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, na sisi watoto tulikula Krismasi na Idi bila kumkosea mtu. Baba alitaka niwe mpiga taipu. Siku moja alinituma kuchukua kigoda kwa Mzee Kasule, fundi viti, kigoda hakikuwa tayari, nikaambiwa nishike ubao huku kidogo. Niliushika miaka ishirini.

Mzee Kasule alinifundisha mengi, lakini mawili ndiyo yalinikaa. La kwanza, kwamba gundi haitaki nguvu, inataka uzito na subira. Alipopinda plaiwudi ya migongo ya viti aliipanga juu ya kalibu, yaani umbo la mbao lenye mpindo, akaipakia magunia ya unga, akaenda kunywa chai. La pili lilikuwa hili: fundi hamwambii mteja kosa la kitu. "Mteja ana macho yake," alisema. "Wewe una vanishi yako." Mafundi wote wa mtaa wetu waliishi hivyo, na hakuna aliyeona ubaya. Kama mguu wa kiti ulikuwa mfupi, ulimweleza mteja kwamba sakafu yake haiko sawa.

Mambo ya kishada yaliletwa na Baraka, mwalimu kutoka pwani ya Kenya, aliyefungua shule ndogo kando ya ziwa. Yeye hukiita tiara. Alikuja na ubao uliovunjika vipande viwili, akauliza kama naweza kuunga. Nikamwambia fundi viti anaunga chochote. Niliunga kwa gundi ya viti, akaenda nao, akarudi na vipande vitatu.

Nikaona afadhali nimtengenezee mpya. Nikachagua mvule, kwa sababu mvule ndio mbao ya heshima, nikaupiga randa siku mbili, nikaupaka vanishi mpaka ukawa kama kioo. Watu wawili waliubeba mpaka majini. Uliingia nusu, ukakaa hapo, ukakataa kabisa kufanya jambo lingine. Baraka aliuzunguka akasema kwamba kwa kweli ni kazi nzuri sana ya mikono. Mpaka leo shuleni kwake wanakatia samaki juu yake.

Wa pili niliutengeneza kwa plaiwudi nyembamba, tabaka tatu, lakini nikatumia ile gundi nyeupe ya watoto wa shule. Ulikwenda vizuri kwa muda wa kupiga picha moja. Kisha tabaka zikaachana, kila moja ikashika njia yake, na mwanafunzi akabaki katikati na vishika miguu viwili visivyoshika kitu. Nyinyi mtumie gundi isiyoogopa maji, na juu yake mvike faiba kwa ile dawa wanayotumia mafundi wa bampa za magari. Vishika miguu nilikata kwenye mikanda ya usalama ya magari yaliyochoka. Pa kukanyagia niliweka malapa laini ya jumla kutoka Kikuubo, ambako hawakuuzii jozi moja hata ukilia, kwa hiyo mtaa mzima ulivaa malapa ya bluu mwaka ule.

Sasa niwaambie habari za Akello.

Akello alikuwa jirani yangu, askari wa trafiki, binti wa kambini kama mimi, familia yao ya Lira. Miaka tisa alisimama kwenye mzunguko wa barabara akipulizia filimbi malori. Alikuwa anakohoa usiku na mchana, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kifua chake hakitavumilia moshi mwaka mwingine. Siku zake za mapumziko alikuwa akienda kwa Baraka kujifunza kishada, kwa sababu majini ndiko alikopumua vizuri. Baraka akatangaza kwamba anataka msaidizi wa kufundisha. Wanaoitaka kazi waje Jumamosi na mbao zao wenyewe, kila mmoja aende mpaka kwenye boya na kurudi. Atakayerudishwa na boti asahau.

Akello alikuja kwangu jioni hiyohiyo, bado amevaa sare. Hakubembeleza. Alikaa kwenye kigoda akasema, "Mama, mimi nimechoka kupumua magari. Tengeneza mimi mbao." Nilimpenda yule msichana kama wangu, nikakubali kabla ya kufikiria. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Plaiwudi ilikuwepo, gundi nzuri ilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa uzito. Vibanio nilikuwa navyo viwili, kimoja kibovu, na mwenye duka la unga alikuwa ameuza magunia yote. Na Jumapili ile uani kwetu kulikuwa na mkutano wa harusi ya kijana wa jirani.

Vijana, mikutano ya harusi mnaijua. Kampala mtu haoi hivihivi. Anaoa baada ya Jumapili nane za mwenyekiti, katibu, sala ya kufungua na mjadala wa keki. Watu hukaa saa tatu, nne, hawasimami. Nilitazama viti vikipangwa, nikaona vinapungua, nikaona wageni wanakuja, wengine wenye miili ya kutosha. Nikafikiria gundi yangu.

Nikatoa kalibu uani, katikati imeinuka, ncha mbili zimeshuka, kwa kuwa ubao hukauka kifudifudi na baadaye hupinduliwa. Nikapanga tabaka zangu juu yake, zimepakwa gundi na kufunikwa nailoni, nikatandika mkeka safi. Benchi la heshima, nikasema, la watu wawili tu. Ncha ya kulia akakaa Senga, shangazi wa bwana harusi. Senga ni mwanamke ambaye akikaa, amekaa. Plaiwudi ilishuka mpaka ikagusa kalibu, na moyo wangu ukatulia. Ncha ya kushoto nilikuwa nimemwekea mweka hazina wa kamati, mzee mwenye kitambi cha kuaminika, lakini alichelewa, na nafasi yake akaikalia bwana harusi mwenyewe. Yule kijana alikuwa mwembamba tangu zamani, na harusi ilikuwa imemmaliza zaidi. Tena simu yake ilikuwa inalia kila mara. Kila aliposimama kuipokea, benchi lilitikisika na Senga akamshika katibu.

Gundi ile ilitaka saa nne. Baada ya saa mbili tu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika mji huu, wakakubaliana kila kitu. Mwenyekiti akaomba mtu wa sala ya kufunga. Nikaona Senga anajiandaa kuinuka.

Nikanyoosha mkono nikapinga rangi ya keki.

Sikuwa na ubaya wowote na rangi ile. Nilisema tu kwamba zambarau ni rangi ya msiba kwa watu fulani, sikusema watu gani, na upande wa mama wa bwana harusi ukauliza kama nawalenga wao. Hiyo ilitupa saa nzima na nusu. Ilipoanza kupoa nikauliza nani atamshika mkono bibi mzaa baba wa bwana harusi kuingia kanisani, dada watatu wa bwana harusi wakasimama kwa pamoja, na gundi yangu ikapata muda wake wote. Bibi harusi mpaka leo hanisalimii, na ana haki.

Alhamisi, baada ya kuvika faiba na kusugua msasa, nilivuta uzi kutoka ncha hadi ncha ili nipime. Ncha ya Senga ilikuwa imepinda vidole vitatu, safi kabisa. Ncha ya bwana harusi ilikuwa imepinda kidole kimoja, na hicho kwa kuhesabiwa kwa huruma. Nilivuta uzi mara tano. Uzi hauna aibu, ulisema vilevile kila mara.

Hakukuwa na muda wa kuanza upya. Lakini kulikuwa na muda wa kusema, na sikusema. Nilipaka ncha zote mbili rangi nyekundu nzito ili jicho lishindwe kulinganisha, nikatia vanishi. Ijumaa Akello akaja kuuchukua. Akaukumbatia, akaunusa, akaniuliza, "Iko sawa, Mama?"

"Iko sawa kabisa," nikamjibu.

Usifikiri nililala vizuri.

Jumamosi ziwa lilikuwa na mawimbi madogo ya haraka, na upepo uliamka kwa wakati. Senga naye alikuja, amebeba matoke kwenye kikapu, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba ubao ule umetengenezwa kwa nguvu zake. Alikuwa ameshawaambia watu wote ufukweni. Washindani wawili walitangulia kabla ya Akello, na wote wawili boti iliwaleta wamekaa kama mizigo.

Akello akaingia. Ncha ya Senga ilitangulia, na nawaambia, ilikuwa raha kuona. Maji yalipita chini ya ule mpindo bila kelele, akanyooka mpaka kwenye boya kama anayesukumwa na mkono. Senga alikuwa anawaelekeza watu ni sehemu ipi hasa aliyoikalia. Kisha Akello akageuza kishada ili arudi, ncha ya bwana harusi ikatangulia, ikaingia majini kama jembe, na Akello akaifuata kwa kichwa.

Akainuka, akajaribu tena, akaingia tena. Mara ya tatu alikaa chini muda mrefu kidogo, na nilisikia kikohozi chake kutoka kule. Mwenye boti akaangalia upande wa Baraka. Baraka akainua mkono kumwambia angoje.

Mimi nilikuwa na aibu ambayo sijaipata kabla wala baada. Ile kazi ilikuwa pumzi ya yule msichana, na mimi nilikuwa nimeipaka rangi nyekundu. Niliingia majini mpaka magotini, na gauni langu, nikapiga kelele kwamba ni upande, upande wa kushoto ndio mbovu. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu, kwa hiyo niliyekuwa namweleza ni Senga peke yake, aliyekuwa nyuma yangu. Senga akaniuliza kushoto alikaa nani.

Akello hakuinuka. Alikuwa amekaa majini, kishada kimetulia juu ya kichwa chake, anaangalia ubao tu. Kisha akatoa mguu mmoja. Akatoa na wa pili. Mwenye boti akawasha injini, na mimi nikajua amekata tamaa.

Aliuzungusha ubao. Aliushika kwa mikono miwili akaugeuza ncha kwa ncha kama mtu anayezungusha sahani mezani, ncha ya kulia ikawa kushoto, akaingiza miguu upya. Akavuta kishada. Akainuka juu ya maji akiwa na ncha ya Senga mbele yake tena, na akarudi moja kwa moja, hakuanguka hata mara moja, mpaka mchanga ukakwaruza. Wanawake wakapiga vigelegele. Baraka akampa mkono na fulana ya shule palepale, akamwambia aanze Jumatatu.

Nilingoja watu wapungue. Nikamwendea akiwa anafuta nywele, nikasema kabla sijabadilisha nia.

"Akello, mimi nilijua toka Alhamisi."

"Ulijua nini?"

"Upande moja haikupinda. Nilipima na uzi. Nikapaka rangi juu."

Aliniangalia vile anavyomwangalia dereva aliyepita taa nyekundu na kusema hakuiona. Nilitamani anitukane.

"Ungesema tu, Mama," akasema. "Mimi ningegeuza yeye mara moja. Mbao si mbaya. Mimi nimekunywa ziwa mzima juu ya mdomo yako kunyamaza."

Tangu siku ile sijatoa ubao bila kuandika kosa lake kwa penseli chini ya tumbo. Huu ni mzito kidogo ncha moja. Huu faiba yake ina kiputo cha hewa karibu na skrubu ya tatu. Mafundi wenzangu walisema nitakosa wateja, na wiki za kwanza kweli walikimbia, kisha wakarudi na ndugu zao. Kwa hiyo wewe mwenye picha kwenye simu, ukija kwa fundi usimwulize ubao wake una uzuri gani, atakueleza mpaka jua lizame. Mwulize una kosa gani. Akikwambia hauna, mshukuru, nenda kwa mwingine.

Lakini Akello hakuwa amemaliza na mimi. Alisema yeye bado ni trafiki mpaka Jumatatu, na trafiki hamwachi mtu hivihivi. Akavua jaketi lake la kuelea akanivisha. Nilimwambia nina miaka hamsini na sita, na katika kutengeneza mbao za watu sijawahi kuingia ziwani zaidi ya magoti. Akasema hilo ni kosa la pili.

Wakanikalisha kwenye maji ya kiunoni. Baraka nyuma yangu ameshika kishada na mkanda wangu, Akello mbele ananiamuru nikunje magoti, Senga ufukweni anauliza kama ubao utabeba. Mara ya kwanza maishani mwangu nikaona kazi yangu kutoka pale anapokaa mwanafunzi: ncha nyekundu mbili zinatoka majini mbele ya uso wako, na huna kitu kingine cha kuamini duniani. Nikaanza Bismillahi. Kishada kikavuta, na mimi, fundi viti, nikasimama juu ya ziwa, maji yakiwa chini ya magoti yangu, halafu nikaingia kwa kichwa kabla sijafika kwenye Rahmani. Nilipoibuka nikitema maji, nilimwambia Akello aniadhibu tena.